Droo Isiyo na Kabati

Nilinunua droo peke yake, bila kabati,
dola mbili, duka la mitumba la kanisa, Dunedin,
ambako mtaa wetu umesimama wima kama ukuta
na mwezi wa Julai upepo wa kusini
huwahi kuingia mifukoni kabla ya mikono.

Bi Noeline wa kwenye kaunta akanitazama juu ya miwani.
"Kabati lake lilikwenda jalalani. Hii imebaki yatima.
Utaifanyia nini?"
Nikasema sijui.
Nilikuwa najua.

Kwangu ni chumba kimoja na nusu.
Hiyo nusu ni ya Morven, miaka tisa,
anayekuja Ijumaa jioni na begi mgongoni
na kuondoka nalo Jumapili, zipu imefungwa,
mswaki ndani, soksi ndani,
hata penseli ya rangi iliyovunjika, ndani,
kama mtu aliyelala stesheni.
Mwaka mzima hakusahau kitu.
Mwaka mzima, kila Jumapili usiku,
nilipekua chini ya kitanda
nikitafuta alichosahau.

Mgeni siku mbili, husemwa, ya tatu mpe jembe.
Wangu haifiki ya tatu.
Basi ile ya pili, Jumamosi, nikampa msasa.

Tuliketi juu ya magazeti, droo katikati yetu.
Ilitangulia kutoka harufu ya kafuri,
ikafuata ya sabuni ya watu tusiowajua,
kisha ya mbao yenyewe, iliyokuwa imenyamaza
chini ya rangi tatu: kijani cha hospitali,
nyeupe ya maziwa yaliyoganda,
na waridi moja mbaya, mbaya kweli,
ambayo Morven aliipenda papo hapo
akaikingia kiganja. Isiguswe, kwenye pembe hii.
Haikuguswa. Ipo.

Magurudumu niliyang'oa kwenye kiti cha ofisi
kilichotupwa kando ya barabara, mgongo umevunjika.
Manne. Moja linalia.
Nimelitia mafuta ya kupikia, mafuta ya baiskeli,
bado linalia.

Wiki iliyofuata, ngazi ya mbao, vipago vitano,
kimoja kimeoza: nikailaza ukutani, ikabeba vitabu.
Halafu debe la bati lenye neno "mkate"
kwa herufi za bluu, kifuniko hakikai sawa.
Humo sasa hukaa soksi.
Mama yake alipopiga simu kuuliza
soksi za hoki ziko wapi,
Morven alijibu, "Ziko kwenye mkate,"
na upande wa pili pakawa kimya kirefu.

Sitakwambia ya kale ni dhahabu.
Ya kale ni misumari iliyopinda,
kibanzi kwenye kidole gumba,
gundi inayokauka siku ikipenda yenyewe.
Nilipima mara moja, nikakata mara mbili,
na bado droo imechomoza chini ya kitanda
kwa upana wa vidole viwili.
Ukiamka usiku pekupeku, mtafahamiana.

Jumapili moja ya Agosti, lami inateleza,
nikamshusha hadi kwenye gari la mama yake.
Nilimbebea begi, kama kawaida,
nikajiandaa kwa uzito wake, kama kawaida,
nusura niliruke nalo.
Jepesi. Kitabu kimoja na ganda la chungwa.

"Ngoja," nikasema, "umesahau vitu vyako."

Alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja ndani.
Akanitazama vile Bi Noeline alivyonitazama
siku ile, juu ya miwani asiyokuwa nayo.

"Sijasahau," akasema. "Nimeweka."

Nikaupanda ule mtaa pole pole.
Sikuifungua droo. Niliivuta kidogo tu, kwa mguu,
nisikie gurudumu likilia.